Subira ya Nusu Kilo

"Kibonye kimekwama," alisema Mzee Nandonde kwa mara nyingine. "Mwambie Dickson akakinyanyue. Hewa ya chumvi hii inavimbisha mbao. Kibonye cha kinanda kikilala hivyo hakiamki, mpaka uingize kisu cha mezani pembeni."

"Hakijakwama, Baba," Yustina alijibu huku akimgeuzia mto. "Ndivyo wanavyopiga."

"Nani anapiga?"

"Dickson mwenyewe."

Mzee akamtazama mkwewe kwa huruma, kama mtu aliyesikia jirani anasingiziwa wizi. "Mwanangu nimemfundisha mimi," alisema. "Ana makosa yake, lakini hajafikia hapo."

Sauti ilikuwa inaingia dirishani kutoka kanisani, nyumba chache tu kutoka hapo. Sauti moja, haipandi, haishuki, haipumui, inanguruma kama friji la duka la soda. Ilianza Jumatatu jioni na sasa ilikuwa Jumanne mchana. Kuku walikwisha izoea. Watu bado.

Mzee Nandonde alipiga kinanda cha kanisa lile la Chuno mpaka vidole vilipokataa, ndipo akamwachia mwanawe kiti. Sasa miguu ilikuwa imejaa maji na pumzi ilikuwa fupi. Jumamosi hospitali walimruhusu, wakasema mpelekeni nyumbani, mpeni anachopenda. Mtwara nzima inajua maneno hayo maana yake nini, ingawa husemwa kama habari ya mapishi.

Na alichopenda hakikuwa samaki wala uji wa ulezi. Alitaka Dickson aje akae naye kitako, yeye amwekee mkono kichwani, amwachie maneno ambayo baba humwachia mtoto kabla ya kuondoka. Mtoto asiyeachiwa maneno hayo hubaki akiyatafuta maisha yake yote. Hayo Yustina aliyajua tangu kwao Newala, na Dickson aliyajua vizuri zaidi. Mzee aliyaomba Jumapili, akaambiwa kesho. Jumatatu akaambiwa kesho. Bahati mbaya, kesho zenyewe zilikuwa zinaelekea kuisha.

Dickson alikuwa na shughuli. Alikuwa anashughulika na umilele.

Jamani, umilele huo ulikuja Mtwara kwa ndege, na ukaletwa na Sista Marlene. Kwanza hakuwa sista. Lakini Chuno, mwanamke mweupe akionekana kanisani mara mbili ni sista, na akivuta sigara nyuma ya sakristia ni sista aliyechoka. Alikuwa mtunzi wa muziki wa kinanda huko kwao Ulaya. Alisikia kwamba kwenye kanisa dogo la kusini mwa Tanzania kimebaki kinanda cha kukanyaga kilicholetwa na wamisionari, na kwamba watu wa huku hawajaharibiwa na saa. Siku ya kujitambulisha, watu hao wasioharibiwa na saa walikaa kwenye mabenchi tangu saa tatu wakimsubiri, maana yeye aliyeharibiwa alifika saa saba.

Muziki wake uliitwa "Subira". Ulikuwa na sauti moja. Kibonye kimoja kingebonyezwa Jumatatu jioni, na kisingeachiwa mpaka Jumatano saa kumi alasiri, mbele ya wageni. Ndani ya sauti ile, alieleza, binadamu angesikia roho yake, na wakati ungeacha kukimbia ukakaa chini. Padri aliuliza kama wakati ungeweza kukaa chini bila kuvuruga misa ya Jumapili, akaambiwa inawezekana, akaruhusu.

Kidole hakiwezi kukaa siku mbili, kwa hiyo Sista alikuwa na vizito vyake maalumu vya kulaza juu ya kibonye. Vikapotea na begi uwanja wa ndege. Dickson akakimbia kwa jirani yao, Bi Hafsa, muuza korosho, akaazima jiwe la mizani, la nusu kilo. Umilele ukakaa sawasawa.

Na bango lilibandikwa ukutani nyumbani, juu ya kitanda cha mgonjwa: "Dickson Nandonde, Mshirika wa Sanaa." Sista alikuwa amemwambia kwamba kwao kuna kanisa lenye kinanda cha mabomba elfu, na kwamba siku moja angemwalika. Dickson, anayetengeneza simu kwenye kibanda Rahaleo, alikwisha uliza bei ya koti.

*

Alasiri ile Yustina alimwomba Bi Hafsa amkalie mgonjwa, akajifunga kanga ya pili.

"Unakwenda kanisani?" aliuliza Bi Hafsa. "Basi usirudi bila jiwe langu, Mama Gladi. Nilisema kwa saa moja. Leo nimepima korosho kwa pakiti ya chumvi, wateja wananitazama kama mwizi. Mtu mzima mie!"

"Nakwenda kumfuata Dickson."

"Mfuate. Halafu jiwe."

Mlangoni mwa kanisa alisimama kijana wa kamera, kaning'iniza shingoni karatasi iliyoandikwa jina lake. Alimtazama Yustina miguuni. "Mama, kandambili. Zinapiga kelele, vinasa sauti vinachukua kila kitu."

Yustina akavua kandambili, akaingia pekupeku kwenye kanisa alilobatizia watoto wake wote kwa viatu.

Mle ndani sauti ilikuwa kubwa zaidi, unaisikia kwenye meno. Sista Marlene alikuwa amelala chali kwenye mkeka mbele ya altare, macho kafumba. Dickson alikuwa kwenye kinanda, shati jeupe limemganda mgongoni, miguu inapanda na kushuka, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama mshona suti kabla ya Idi. Mikono hakuwa na kazi nayo. Ilikuwa imelala mapajani. Jiwe la Bi Hafsa ndilo lililokuwa linapiga kinanda.

"Wenzako wa kupokezana kukanyaga wako wapi?" alinong'ona Yustina.

"Innocent goti limemshika."

"Asubuhi nimemwona yuko kwenye bodaboda."

"Limemshika mchana. Wengine watakuja, wamesema." Dickson alimeza mate. "Siwezi kuacha, Yustina. Nikiacha kukanyaga hewa inaisha, sauti inakufa."

"Baba anakuita."

"Mwambie nakuja."

"Nilimwambia jana."

"Mwambie kesho, saa kumi na robo. Ikiisha tu natoka hapa mbio." Akageuza uso kidogo, na macho yalikuwa mekundu. "Watu wanatoka Dar kuja kuona. Afisa utamaduni anakuja. Unajua kazi hii inahusu nini? Inahusu kukaa na kitu mpaka mwisho. Kutokimbia. Kutulia mahali ulipo."

"Loh! Mahali ulipo," alisema Yustina. "Na baba yako anakata roho mahali alipo, nyumba ya nne kutoka hapa. Huu umilele wenu utakuwepo hata Ijumaa, Dickson. Yeye Ijumaa sina hakika naye."

"Sasa unataka niaibike mbele za watu?"

"Mh! Aibu ipo tu. Chagua mwenyewe ipi utaivaa."

Miguu ya Dickson ikaenda kasi zaidi. Ndivyo alivyokuwa tangu ujana wake. Akikosa jibu huongeza bidii.

Kijana wa kamera akamgusa Yustina begani. "Mama, samahani. Unaweza kupiga magoti pale? Kama unasali. Kwa kanga hiyo picha inatoka vizuri."

Na Yustina akapiga magoti. Baadaye alijichukia kwa hilo kuliko kwa jambo lolote la wiki ile, lakini mtu akikuelekezea kamera na kuzungumza kwa upole, magoti hujikunja yenyewe. Alipokuwa pale chini akaona heri asali kweli. Akasali hivi: Ee Mungu Baba, mvunje mguu mmoja tu, wa kulia au wa kushoto, uchague mwenyewe.

Alipofumbua macho Sista Marlene alikuwa amechuchumaa kando yake, ameweka mkono kifuani. "Unasikia?" aliuliza kwa Kiswahili chake kichache.

"Nasikia."

"Unasikia nini?"

"Nasikia baba mkwe wangu anamwita mwanawe."

Sista akafumba macho, akatikisa kichwa polepole, machozi yakamlengalenga. "Nzuri," alisema. "Nzuri sana."

Yustina akainuka, akachukua kandambili zake mlangoni, akarudi nyumbani bila mume na bila jiwe.

*

Jumatano asubuhi aliamshwa na kilio. Si cha ndani, cha nje. Akatoka uani akiwa na kanga moja, akakuta wanawake wa mtaa mzima wanaingia, kuni kichwani, vifurushi vya unga mikononi, mikeka kwapani. Mbele yao Bi Hafsa, mtandio kaubana kwa meno, analia kwa sauti ya mtu aliyejiandaa. Nyuma, wanaume, na mumewe Bi Hafsa, Zuberi Chande, kuli wa bandarini, alikuwa anakita nguzo ya turubai.

"Pole, mwanangu," Bi Hafsa alimkumbatia. "Pole. Ya Mungu mengi. Mbona hukutuambia? Majirani gani sisi?"

"Kuna nini?"

"Usijikaze. Lia."

Ikabidi waelezane. Chuno ilikuwa imekaa na sauti ile usiku wa pili ikaitafakari. Kinanda hakinyamazi mchana, hakinyamazi usiku. Wakristo hawawezi kupiga kinanda namna ile bure, watu wana kazi zao. Lazima kuna maiti kanisani anakeshewa. Na maiti gani wa kupigiwa kinanda siku mbili mfululizo kama si mpiga kinanda mwenyewe? Hesabu ilikaa sawa kabisa. Bi Hafsa alikuwa amemkalia Mzee jana alasiri na kumwona jinsi alivyo, kwa hiyo hata shahidi alikuwepo.

"Hajafa," alisema Yustina.

Kilio kikakatika ghafla. Kikabaki kimoja cha bibi mmoja huko nyuma, asiyesikia vizuri.

"Nani kafa?" sauti ya Mzee ikatoka dirishani, nyembamba lakini ya kutaka habari.

Wanawake wakatazamana. Bi Hafsa, ambaye hajawahi kuulizwa swali akaliacha, akasogea dirishani. "Wewe, Mzee wangu. Tusamehe."

Halafu Mzee akasema, "Hata chai sijanywa."

Toba! Walicheka mpaka wakashikana mabega, na waliocheka sana ndio waliokuwa wamelia sana. Lakini baada ya kicheko kukaja shida. Kuni zilikwisha shushwa. Unga ulikwisha letwa, na unga uliopelekwa msibani haurudishwi nyumbani, ni mkosi. Zuberi aliingia na mfuko wa rambirambi mkononi akamuuliza Yustina afanyeje, maana akianza kumrudishia kila mtu chake pale uani patageuka mahakama.

"Na turubai tumelikodi mpaka kesho kutwa," aliongeza, akiona haya.

"Liacheni," alisema Yustina. Akakaa kizingitini. "Tutalihitaji."

Hapo hakuna aliyecheka.

Wakabaki. Wakapika chai. Wakaingia mmoja mmoja kumsalimia marehemu, naye akawapokea kwa adabu zote, kila mmoja akimuuliza habari za nyumbani kwake. Kila mmoja alimwambia habari ileile: kibonye kimekwama, mwambieni Dickson. Wakatoka nje wakiinamisha vichwa. Wengine walidhani homa imempanda. Yustina hakuwa na uhakika tena nani mwenye homa, yule wa kitandani au yule wa kwenye kinanda.

Saa tisa ilipita. Pumzi ya Mzee ilikuwa imeanza kukatikakatika. Akamshika Yustina mkono.

"Mama Gladi. Nimelala nikisikiliza. Siwezi kuondoka kinanda kikiwa hivyo. Watasema mimi ndiye niliyekiacha kimeharibika."

"Hawatasema, Baba."

"Wako wangapi nje?"

"Wengi."

"Wanaume wapo?"

"Wapo."

"Basi si wamekuja kunibeba?" alisema Mzee. "Wanibebe."

Yustina alitoka nje akasimama katikati ya uwanja. Mkwe si mwana; kwa kawaida haamrishi msiba, hata msiba ambao mwenyewe angali hai. Lakini hasira ya siku tatu ilimpanda. "Zuberi!" aliita. "Ninyi mmekuja kubeba mtu au mmekuja kunywa chai?"

*

Walimtoa na kitanda chake cha kamba. Watu wa Chuno wanajua kubeba. Mabega yanapokezana bila amri, wa nyuma anakuja mbele, wa mbele anaachia, Mwislamu anapokea kwa Mkristo, na hakuna anayeuliza zamu ya nani. Njiani madereva wa bodaboda walizima pikipiki. Mama mwenye genge alisimama akavua kofia ya jua. Mzee Nandonde akampungia mkono, na yule mama akakaa chini bila kupenda.

Nyuma ya kitanda alikwenda Yustina, kandambili zinapiga pata-pata, na nyuma yake Bi Hafsa aliyekuwa na safari yake mwenyewe.

Kanisani wageni walikwisha kaa. Afisa utamaduni alikuwa mbele, suti ya buluu, anatikisa kichwa kufuata mdundo, ingawa mdundo haukuwepo. Padri alikuwa anatazama saa kwa siri. Watu kutoka Dar walikuwa wamefumba macho. Sista Marlene alisimama kando ya kinanda, mikono wazi.

Kijana wa kamera alinyoosha kidole kuelekea miguu ya Yustina. Safari hii Yustina alimtazama tu. Kijana akashusha kidole, akapisha kitanda.

Sista alipoona kitanda kinaingia mabegani mwa wanaume, mgonjwa juu, wanawake wa kanga nyuma, uso wake uling'aa. Akamnong'oneza afisa utamaduni, na afisa akawanong'oneza wengine: ushiriki wa jamii. Kila mtu akafungua macho.

Kitanda kikashushwa ubavuni mwa kinanda. Dickson hakugeuka. Shingo ilikuwa imekakamaa, jasho linadondoka kidevuni, miguu inakwenda kulia, kushoto.

"Dickson," alisema Mzee.

"Baba." Hakuacha kukanyaga. "Baba, nivumilie. Imebaki nusu saa tu."

"Kwako imebaki," alisema Mzee.

Akanyoosha mkono kuelekea vibonye. Mkono ule ulikuwa umebaki mifupa na saa ya kale isiyotembea. Ukapapasa mbao, moja baada ya nyingine, ukipita bila kukosea, mpaka ukafika kwenye kile kilicholala. Akakuta jiwe. Alishangaa, vidole vikalizunguka polepole, juu, pembeni, juu tena. Maisha yake yote hakuwahi kukuta kitu kama kile juu ya kibonye. Akalishika ili aliondoe.

Hakuweza.

Jiwe la nusu kilo, ambalo Bi Hafsa hulirusha kwenye mizani huku anapiga soga, lilimshinda. Alijaribu. Vidole vikateleza. Akajaribu tena, kwa mkono wote, midomo kaibana, na kanisa zima lilikuwa linatazama, na kamera ilikuwa inatazama, na sauti ile ilikuwa inaendelea kunguruma kana kwamba hakuna kinachotokea. Zuberi alisogea kumsaidia. Yustina akamshika mkono, akamzuia. Aliona uchungu mpaka akang'ata kanga yake, lakini akamzuia.

Dickson aligeuza shingo. Akaviona vidole vya baba yake juu ya jiwe.

Miguu yake ikasimama.

Sauti haikukatika palepale. Ilikuwa na akiba ya hewa. Ikalegea, ikashuka, ikawa kama mtu anayeguna usingizini, ikaisha. Chuno nzima ikanyamaza. Huko nje jogoo mmoja aliwika, akashtuka kujisikia mwenyewe.

Dickson alitoka kwenye kiti, miguu haikumbeba, akaanguka kwa magoti pembeni ya kitanda.

"Baba, nimekuja."

"Umekawia," alisema Mzee.

"Nimekawia, Baba."

"Kilikwama tangu juzi. Hukusikia?"

Dickson aliinamisha kichwa. "Sikusikia," alisema, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mbele ya afisa utamaduni na watu wa Dar, kama mtoto aliyepotea gulioni akapatikana.

Mzee alimwekea mkono kichwani. Akapumzika kidogo, maana jiwe lilikuwa limemchosha.

Basi Sista Marlene akaanza kupiga makofi. Alikuwa analia, na alilia kweli, tusimsingizie. Alisema kwamba kazi yake ilikuwa imetafuta mwisho huu kwa miaka yote na haikujua. Wageni wakapiga makofi. Afisa utamaduni akapiga makofi akitazama pembeni kuhakikisha wengine bado wanapiga. Katikati ya makofi hayo Bi Hafsa alipita mbele ya kamera, akachukua jiwe lake kwenye kibonye, akalipangusa kwa mtandio, akalitia kwenye pochi.

*

Mzee Nandonde alifariki Ijumaa, kabla ya adhana ya mchana, Dickson akiwa kando ya kitanda chake. Tangu Jumatano ile Dickson hakutoka chumbani humo ila kwa haja. Maneno aliyoachiwa hayakuwa mengi. Aliambiwa apanguse vibonye kwa kitambaa kikavu kila masika, na asimfokee mkewe anapokosa jibu. Turubai lilikuwa bado liko, unga ulikuwepo, kuni zilikuwepo. Watu walikuja wakalia upya, na wengi walisema huu wa pili ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu mara hii hakuna aliyeuliza dirishani nani kafa.

Mwaliko wa Ulaya haukuja. Koti halikununuliwa. Bango lilishushwa, likafunika mtungi wa maji. Msimu wa minada ya korosho ulipoanza ndipo ujumbe ukaingia kwenye simu ya Dickson. "Subira" ilikuwa imetoka, mtu yeyote duniani angeweza kuisikiliza, na ilikuwa imesifiwa kwa kuwafundisha wasikilizaji kukaa ndani ya wakati bila kuukimbia. Chini kuliandikwa: kinanda na utunzi, Marlene, sauti za ziada, wanakijiji wa jamii ya wavuvi. Hii ni Chuno, ambako samaki tunamwona akiwa amekwisha kaangwa.

"Na jiwe langu wameliandika?" aliuliza Bi Hafsa.

"Hawakuliandika."

"Basi hawajui kazi."

Jioni Yustina alimkuta mumewe kizingitini, simu mkononi. Kwa wiki nyingi alikuwa amemwandalia maneno ya siku hii, makali, yamenolewa pande zote mbili, na yalikuwa yamekwisha fika ulimini. Akasimama kusikiliza kwanza.

Sauti ile ilianza, nnnnn. Dickson hakuisikiliza. Aliweka kidole gumba kwenye kioo akaiburuta, akaruka Jumatatu yote, akaruka Jumanne na magoti ya Yustina, akaruka usiku na asubuhi, siku zile ambazo hakuwa na dakika moja ya kutoa, akazipita kwa upana wa kidole. Akaachia mwishoni kabisa. Pata-pata za kandambili zikapita. Kinanda kikaguna, kikaisha. Jogoo.

"Baba, nimekuja," ilisema simu.

"Umekawia."

Dickson akairudisha nyuma kidogo.

Yustina aliyameza maneno yake yote. Akavuta kigoda akakaa karibu naye, bega kwa bega.

"Umekawia," ilisema simu.

"Ndiyo, Baba," Dickson aliitikia, akairudisha tena.